Gitaa la Umeme Bila Kelele: Kifaa Kipi Kinatosha Nyumbani?

Anayenunua gitaa lake la kwanza la umeme hukutana na ushauri unaogongana. Muuzaji humwambia kwamba bila amplifaya gitaa hilo ni ubao tu. Mpigaji wa kanisani humwambia anunue pedali. Fundi wa studio humpeleka kwenye saundi kadi na kompyuta. Kijana mwenye simu humhakikishia kwamba programu ya bure inamaliza kazi yote. Mwingine humwambia asinunue chochote, apige kavu kavu hadi vidole vikomae. Kila mmoja ana hoja, lakini mara nyingi kila mmoja anajibu swali tofauti.

Uchambuzi huu unalihusu swali moja: mpigaji mwenye fedha kidogo, anayeishi ukuta kwa ukuta na majirani, afanye mazoezi kwa kifaa gani bila kumsumbua mtu, na bila kujifunza mambo atakayolazimika kuyafuta akifika jukwaani?

Swali limetoka wapi

Kwa miongo mingi swali hili halikuwapo katika muziki wa dansi. Bendi kubwa za Tanzania zilimilikiwa na taasisi, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi hizo. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Mpigaji alikwenda kazini, akakuta gitaa na amplifaya, akafanya mazoezi na wenzake ukumbini. Jioni vyombo vilibaki pale pale.

Leo hali imegeuka. Wapigaji wengi wanafanya kazi kwa mkataba wa siku: Jumapili kanisani, Ijumaa hotelini, katikati ya wiki studio. Gitaa ni lao wenyewe, na mazoezi ni jukumu lao. Wengi wao wanaishi katika nyumba za kupanga. Katika ile nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido moja, mara nyingi kuta haziendi hadi kwenye paa, hivyo sauti haihitaji hata kupenya tofali, inapita juu. Amplifaya ya wati kumi inatosha kuamsha watoto wa wapangaji wote. Sheria nayo ipo: Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2009, na Tanzania ina zake za mwaka 2015. Lakini kabla ya sheria kuna mwenye nyumba, naye ana haraka kuliko sheria.

Suluhisho la hedifoni si geni. Mwaka 1982 Tom Scholz, mhandisi na mpiga gitaa wa bendi ya Boston ya Marekani, alitoa Rockman, kisanduku cha kuvaa kiunoni kilichompa mpigaji sauti ya studio masikioni. Kilichobadilika tangu hapo ni wingi wa vifaa na kushuka kwa bei, na wingi huo ndio uliozaa mkanganyiko.

Kazi tatu ambazo kifaa lazima kifanye

Kabla ya kulinganisha vifaa, ni vyema kujua kwa nini hedifoni haichomekwi moja kwa moja kwenye gitaa.

Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, huzalisha umeme mdogo sana, na umeme huo hauna nguvu ya kusukuma hedifoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kifaa ni kuupokea umeme huo bila kuubana, kisha kuukuza. Tundu la kifaa linalopokea gitaa linatakiwa liwe na ukinzani mkubwa, kwa kawaida ohimu milioni moja. Tundu la maikrofoni la kompyuta au la sabufa ya sebuleni halina ukinzani huo. Ndiyo maana gitaa likichomekwa kwenye sabufa sauti yake ya juu hufa, likasikika kama limefunikwa blanketi. Tatizo si gitaa wala sabufa. Ni viwili visivyolingana.

Kazi ya pili ni kuiga spika. Spika ya gitaa hupunguza sana masafa yaliyo juu ya hezi 5,000 hivi, ilhali hedifoni hufika hezi 20,000. Sauti ambayo spika ingeilainisha, hedifoni huianika yote. Kwenye sauti safi utasikia ukali kidogo. Kwenye sauti ya mkwaruzo, ile wanayoipenda wapigaji wa roki, utasikia kero isiyovumilika.

Kazi ya tatu ni kumpa mpigaji kitu cha kufuatisha. Gitaa la dansi haliishi peke yake. Solo hujibizana na ridhimu, na zote mbili hukaa juu ya besi na ngoma. Anayefanya mazoezi bila wimbo wala mdundo anajifunza vidole tu, na muziki unabaki nje. Kwa hiyo tundu la kuingizia wimbo kutoka kwenye simu, ambalo matangazo hulitaja mwishoni, kwa mpigaji wa hapa ni la lazima.

Hapa ndipo ushauri mwingi wa kigeni unapopotosha. Umeandikwa kwa ajili ya mpigaji wa roki, ambaye hupima kifaa kwa idadi ya mikwaruzo iliyomo. Mpigaji wa rumba, dansi, benga au nyimbo za injili anahitaji sauti safi, mwangwi kidogo, pengine korasi. Hana sababu ya kulipia amplifaya 30 za kuigiza ikiwa atatumia moja. Kwake yeye mahitaji ni machache, na hiyo ni nafuu ya fedha.

Msimamo wa kwanza: piga kavu

Wanaotetea kupiga bila umeme wana hoja ya kwanza isiyopingika: ni bure. Gitaa la ubao mzima lisilochomekwa husikika na mpigaji peke yake, na usiku wa manane chumbani sauti hiyo inatosha kukariri skeli, kubadilisha kodi na kuzoesha vidole.

Udhaifu wake huja polepole. Mpigaji asiyejisikia vizuri huongeza nguvu ya mkono wa kulia, kisha nguvu hiyo hugeuka kuwa mazoea. Nyuzi ambazo hazikuzimwa kwa kiganja hulia bila yeye kujua. Siku akichomeka amplifaya, kila uchafu hujitokeza. Vilevile hawezi kujifunza matumizi ya vitasa vya sauti na toni, wala namna ya kuacha noti ya solo idumu. Kupiga kavu kunafaa kuwa sehemu ya mazoezi, si mazoezi yote.

Msimamo wa pili: kikuza cha kuchomeka kwenye gitaa

Hiki ni kifaa kidogo kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, na hedifoni inaingia kwenye kifaa. Kinachojulikana zaidi ni Vox amPlug, na kuna nakala nyingi za kutoka China. Bei nje ya nchi ni kati ya dola 20 na 50, kabla ya usafirishaji na kodi.

Nguvu yake ni urahisi. Hakuna waya wa gitaa, hakuna kompyuta, hakuna kuchelewa kwa sauti. amPlug hutumia betri mbili za AAA, ambazo hata duka la mtaani huwa nazo, hivyo umeme ukikatika mazoezi yanaendelea. Ina tundu la kuingizia wimbo. Kuna matoleo kadhaa, na hapa ndipo wanunuzi hukosea: huchukua lile la mikwaruzo mikali kwa sababu jina lake linavutia, kisha wanashangaa kwa nini sebene halisikiki kama sebene. Toleo la sauti safi ndilo linalofaa.

Udhaifu wake ni kwamba kinaishia chumbani. Hakikupi sauti ya kwenda nayo jukwaani, na baadhi ya nakala za bei ya chini huvuma kama mzinga wa nyuki. Magitaa ya muundo wa Stratocaster, ambayo tundu lake limezama mwilini, hukataa vifaa ambavyo jeki yake haizunguki. Kijaribu dukani kwa gitaa lako mwenyewe.

Kuna pia kizazi cha kidijitali cha kifaa hiki, kama Fender Mustang Micro ya mwaka 2021 na Boss Katana:GO ya mwaka 2024. Sauti zake ni bora na nyingi zaidi, na hupokea wimbo kwa Bluetooth. Lakini bei yake hukaribia au kupita dola 100, na betri imefungiwa ndani. Betri hiyo ikichoka baada ya miaka, haibadilishwi kwa kwenda dukani. Kwa fedha hizo, mnunuzi tayari ameingia kwenye bei ya pedali, na ulinganisho hubadilika.

Msimamo wa tatu: simu au kompyuta

Hoja ya upande huu ni kwamba kifaa kikubwa tayari unacho mfukoni au mezani. Kinachobaki ni kiunganishi na programu. Programu za bure zipo, tena nzuri: GarageBand kwa wenye vifaa vya Apple, Guitar Rig Player na Neural Amp Modeler kwa kompyuta. Saundi kadi za bei ya chini, kama zile za Behringer, huanzia dola 40 hivi, na Focusrite Scarlett Solo hupita dola 100. Anayetaka kurekodi kazi yake na kuituma studio hana njia bora kuliko hii.

Kikwazo kikubwa ni uchelewaji. Sauti ya gitaa lazima igeuzwe kuwa tarakimu, ichakatwe na programu, kisha igeuzwe tena kuwa sauti. Kompyuta hufanya hivyo kwa mafungu. Fungu la sampuli 256 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde huchukua milisekunde 5 na kidogo. Kuingia na kutoka ni zaidi ya 10, bila kuhesabu ucheleweshaji wa saundi kadi yenyewe. Hilo linavumilika. Sauti hewani husafiri mita tatu kwa muda wa milisekunde 9 hivi, na wapigaji husimama mbali hivyo na amplifaya zao bila kulalamika. Uchelewaji ukifika milisekunde 30 au 40, mkono huanza kugombana na sikio. Anayefanya mazoezi hivyo hujifunza kuwahi, na mpigaji wa ridhimu anayewahi huiharibu bendi nzima.

Kwenye Windows dawa yake ni kutumia dreva ya ASIO ya saundi kadi husika, si ile ya kawaida ya mfumo. Kwenye simu, iPhone ilitangulia zamani. Android iliboreshwa tangu toleo la 8 la mwaka 2017, lakini matokeo bado hutegemea simu ni ya nani na ya bei gani. Kwa kuwa simu nyingi za Afrika Mashariki ni Android za bei ya chini na ya kati, ushauri wa kutumia simu, ambao ni mzuri kwa mwenye iPhone, kwa wengi ni kamari. Viunganishi vya bei ya chini vinavyopita kwenye tundu la hedifoni la simu vina kasoro nyingine: sauti inayotoka huvuja na kurudi inakoingilia, na ukiongeza mkwaruzo kifaa huanza kupiga mluzi.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi, nayo ni muda. Kuwasha kompyuta, kufungua programu, kutafuta kwa nini leo hakuna sauti: dakika 15 zimekwisha kabla noti ya kwanza haijapigwa. Mwenye nusu saa kwa siku hawezi kumudu ada hiyo.

Msimamo wa nne: pedali ya mchanganyiko

Hii ni pedali moja yenye sauti nyingi ndani, kama Zoom G1 Four ya mwaka 2019 na nyinginezo za NUX na Mooer. Bei nje ya nchi huwa kati ya dola 70 na 130, na za mitumba hupatikana kwa chini ya hapo. Iliyo kamili ina tundu la hedifoni, mdundo wa ngoma, kipimo cha kutunia na, katika nyingi, tundu la kuingizia wimbo. G1 Four hutumia betri nne za AA, adapta, au umeme wa USB, maana yake hata benki ya umeme ya simu yaweza kutumika.

Faida yake kuu ni kwamba haibaki nyumbani. Sauti uliyoitengeneza usiku kwa hedifoni ndiyo utakayokwenda nayo kanisani Jumapili, ukichomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Katika kumbi nyingi ambako hakuna amplifaya ya gitaa, pedali yenye kuiga spika ndiyo inayokuokoa na sauti kali ya mikisa tupu. Kifaa kimoja kinafanya kazi mbili, na bei yake yapaswa kugawanywa kwa mbili.

Udhaifu wake ni vishawishi. Sauti mia moja ndani ya sanduku humfanya mwanafunzi azungushe vitasa badala ya kupiga. Sauti za kiwandani nyingi zimetengenezwa kuwavutia wateja wa roki, hivyo mpigaji wa dansi lazima aketi mara moja atengeneze yake: amplifaya safi, kubana sauti kidogo, korasi nyepesi, mwangwi. Akishaihifadhi, asiiguse.

Hatari nyingine ni adapta. Pedali nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati ya jeki. Adapta nyingi za ruta na vifaa vingine vya nyumbani zina chanya katikati, na jeki huingia vizuri tu. Ukiichomeka bila kusoma alama, unaweza kuichoma pedali kabla hujaisikia.

Msimamo wa tano: amplifaya ndogo yenye tundu la hedifoni

Watetezi wake husema: mchana piga kwa spika, usiku kwa hedifoni. Hoja ina uzito kwa mwenye nyumba yake au anayefundisha watoto, kwa sababu mwalimu na mwanafunzi husikia pamoja. Boss Katana Mini ya wati 7, inayotumia betri za AA, ni mfano mzuri wa aina hii.

Lakini kwa mpangaji asiyeweza kuwasha spika hata mchana, spika hiyo ni fedha iliyokaa bure. Tena katika amplifaya za bei ya chini kabisa, tundu la hedifoni limewekwa ili liwepo tu: halina kuiga spika, na sauti yake ni kali kuliko ya kikuza cha dola 30. Uliza, kisha sikiliza kwa hedifoni yako kabla ya kulipa.

Yanayosahauliwa: hedifoni na masikio

Wengi hutumia fedha yote kwenye kifaa, wakabaki na iafoni za kugawiwa. Hilo ni kosa la mpangilio. Kikuza cha kawaida na hedifoni nzuri hushinda kifaa cha gharama na hedifoni mbovu. Inayofaa ni iliyofungwa nyuma, inayofunika sikio lote, isiyovujisha sauti; iliyo wazi nyuma ina sauti pana lakini aliyelala kando ataisikia. Ukinzani wa ohimu 32 hadi 80 unafaa kwa vifaa vya betri, kwani hedifoni za ohimu 250 huhitaji nguvu zaidi. Nunua pia kigeuzi cha kutoka jeki ndogo ya milimita 3.5 kwenda kubwa ya 6.35, na kiwe cha stereo, la sivyo sikio moja litakuwa kimya.

Bluetooth ndiyo chanzo kikubwa cha malalamiko, na kanuni yake ni fupi. Wimbo wa kufuatisha unaweza kuja kwa Bluetooth bila shida, kwa sababu ukichelewa unachelewa wote na wewe unaufuata. Sauti ya gitaa lako haiwezi kwenda hedifoni kwa Bluetooth ya kawaida, kwa sababu huchelewa milisekunde 100 hadi 200 na zaidi. Zipo hedifoni zisizo na waya zilizotengenezwa mahsusi kwa gitaa, kama Boss Waza-Air ya mwaka 2020, lakini hizo hutumia njia yao ya mawasiliano, na bei yake iko nje ya mjadala huu.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama. Ukipanda hadi desibeli 90, muda hushuka hadi saa nne. Utulivu kwa jirani usilipwe kwa masikio ya mpigaji: weka wimbo kwanza kwa sauti ya chini, kisha pandisha gitaa hadi lisikike juu yake kidogo, basi.

Kupima kwenye mizani

Tukivipima vifaa hivi kwa mambo manne, yaani uchelewaji, kutegemea umeme wa ukutani, kuingiza wimbo, na matumizi nje ya chumba, picha hujitokeza.

Kikuza cha kuchomeka hushinda mambo matatu ya kwanza na kushindwa la nne. Kinamfaa anayeanza, ambaye bado hajui kama ataendelea, na mpigaji mzoefu anayesafiri. Pedali ya mchanganyiko, ikiwa ina betri na tundu la kuingizia wimbo, hupita yote manne. Gharama yake ni fedha zaidi na nidhamu ya kuacha kuzungusha vitasa. Inamfaa yeyote ambaye tayari anapiga mbele za watu au anatarajia kufanya hivyo ndani ya mwaka. Saundi kadi na kompyuta hushinda pale tu ambapo kompyuta ipo tayari na kurekodi ni sehemu ya kazi. Kununua kompyuta kwa ajili ya mazoezi peke yake si uamuzi wa busara. Simu ya Android ijaribiwe kwa kuazima kiunganishi kabla ya kukinunua. Amplifaya ndogo ni ya mwenye nafasi ya kuiwasha.

Jambo moja linabaki ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulitatua. Hedifoni humpa mpigaji sauti nzuri isiyobadilika, lakini haimfundishi kukaa ndani ya sauti ya bendi, kupunguza anapoimba mwimbaji, au kudhibiti gitaa linaloanza kulia mbele ya spika. Hayo hujifunzwa na wenzake, kwa sauti kamili. Mazoezi ya kimya ni nusu ya kazi, na anayeyafanya kuwa yote atashangazwa jukwaani.

Kwa muhtasari

Kifaa kinachofaa ni kile kinachopokea gitaa bila kulibana, kinachoiga spika, kinachokubali wimbo wa kufuatisha, na kisichochelewesha sauti. Vingine vyote ni nyongeza. Kwa mwenye fedha kidogo kabisa, kikuza cha kuchomeka chenye sauti safi, betri mbili na hedifoni iliyofungwa vinatosha kwa mwaka wa kwanza na zaidi. Kwa mpigaji wa bendi au kwaya, pedali ndogo ya mchanganyiko ndiyo matumizi bora ya fedha, hata kama ni ya mitumba. Ukienda dukani, chukua gitaa lako, hedifoni yako na wimbo mmoja unaoujua kwenye simu. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu vyote vitatu kwa pamoja, mshukuru na uende duka la pili.